Mali ya Umma na Safari za Angani

Katika darsa zetu limeulizwa suali ambalo laulizwa pia mabarazani: Je, yafaa dola kutoa mali ya raia kupeleka vyombo angani, na hali wako raia wasio na maji wala dawa? Baadhi ya wenzetu husema ni israfu tupu. Wengine, hasa vijana waliosoma, husema asiyekwenda angani atabaki nyuma. Kila upande una sehemu ya haki, lakini hukumu haitolewi mpaka yajulikane mambo mawili: mali ile ilitolewa kwa sababu gani, na manufaa yake yalimfikia nani.

Tutazame kwanza mfano mkubwa. Mei 1961 Rais Kennedy wa Marekani aliazimia kumpeleka mtu mwezini kabla ya mwongo ule kwisha, na Julai 1969 azimio likatimia. Kazi hiyo ilikula zaidi ya dola milioni 25,000 za wakati ule. Mwaka 1966 idara yao ya anga, NASA, ilitumia zaidi ya dola 4 katika kila dola 100 za serikali yao kuu. Na sababu kubwa haikuwa ilimu. Ilikuwa ni kushindana na Warusi, ambao wiki sita kabla ya tangazo la Kennedy walikwisha kumrusha Yuri Gagarin.

Siku moja kabla ya roketi ile kuondoka, Kasisi Ralph Abernathy aliwaongoza mafukara mpaka Florida, pamoja na magari ya kukokotwa na nyumbu, kuikumbusha dola yake wenye njaa. Mkuu wa NASA, Thomas Paine, alitoka akasema nao. Akawaambia kwamba lau kuiacha safari kungeondoa ufukara, wangeiacha. Ni jawabu la adabu, ila si jawabu la suali lililoulizwa. Abernathy hakutaka roketi izuiliwe, na wasafiri wake aliwaombea salama. Alilotaka ni bidii ile ile itumiwe kwa ajili ya wenye njaa.

Lakini si kila kinachorushwa hurushwa kwa fakhari. Tarehe 1 Aprili 1960 Wamarekani walirusha TIROS-1, setilaiti ya kwanza kufanikiwa katika kazi ya kupiga picha za mawingu ili kujua hali ya hewa. Sisi watu wa pwani hatuna haki ya kulidharau jambo hili. Wazee wetu walizisoma nyota, wakazijua siku za kaskazi na kusi, na ujuzi wao ulikuwa mkubwa. Lakini kimbunga kinachozaliwa katikati ya bahari hakuna nahodha awezaye kukiona naye yuko Lamu. Kutoka juu huonekana siku kadhaa kabla ya kufika.

Na kuonekana peke yake hakutoshi. Novemba 1970 kimbunga kiliipiga Pakistani ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Setilaiti ilikuwa imekwisha kukiona, na picha zilikuwako. Habari ndiyo isiyowafikia sawasawa watu wa visiwani, na wakadiriwa waliokufa kuwa 300,000 au zaidi. Kilichokosekana hakikuwa chombo cha angani. Zilikosekana redio, watu wa kupiga mbiu, na majengo imara ya kukimbilia. Baadaye nchi ile ilijenga majengo hayo na kufunza maelfu ya watu wa kujitolea. Haikuwa kazi ya siku moja, kwani mwaka 1991 walikufa tena zaidi ya laki moja. Lakini kimbunga kikali cha 2007 kiliua watu wapatao 3,400. Nasi Mei 2024, kilipotujia kimbunga Hidaya, onyo lilitangulia, na meli za abiria baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa.

Mwezi mmoja tu baada ya msiba ule wa 1970, tarehe 12 Disemba, ilirushwa kutoka baharini kwetu Ngomeni, kaskazini ya Malindi, setilaiti ya Marekani ya kuchungua miali ya eksirei itokayo katika nyota. Waliorusha ni Wataliana, katika jukwaa lao la San Marco. Ikaitwa Uhuru, kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Jina letu, bahari yetu, na ujuzi ukenda Marekani na Roma! Wala sioni kuwalaumu wageni peke yao, maana ujuzi humkaa aliyetia mkono katika kazi.

Kwa hiyo sikuona israfu Kenya ilipoanzisha idara yake ya anga mwaka 2017, wala iliporusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023. Gharama iliyotajwa ni shilingi milioni 50, na wahandisi wa Kenya walishiriki kuiunda. Ilisemwa kwamba picha zake zitasaidia kilimo na chakula. Basi mkulima wa Ganze na mvuvi wa Kipini wana haki ya kuuliza zimewafikia kwa njia gani. Bajeti isomwapo, wabunge wetu na watake hesabu mbili pamoja: ya chombo, na ya kuifikisha habari yake mpaka Faza kabla bahari haijachafuka.