Usukani Uliokaa Upande: Somo kwa Kamati Zinazotunza Magari



Somo la robo hii linahusu jambo ambalo hufika mbele ya kamati likiwa mstari mmoja tu kwenye karatasi ya maombi: "Stelingi haikai sawa, linahitaji matengenezo." Pembeni pameandikwa kiasi cha fedha. Wajumbe wengi si mafundi, hivyo huuliza kama fedha zipo, na zikiwepo wanaidhinisha. Baada ya miezi michache ombi lingine linakuja kuhusu gari lile lile, safari hii la matairi mapya. Fedha hizo zimetoka kwenye sadaka au kwa wafadhili, na gari hilo ndilo linalomchukua mama mjamzito usiku kutoka zahanati kwenda hospitali. Kwa hiyo ni vyema mjumbe ajue angalau maswali ya kuuliza.

Jambo la kwanza la kushika ni hili: usukani ni kama mshale wa saa. Unaonyesha tu. Chanzo cha kukaa kwake upande kiko chini ya gari, na mara nyingine kiko nyuma kabisa, mahali ambapo watu hawafikirii kutazama. Fundi anayechomoa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka ameusogeza mshale, lakini saa yenyewe hajaigusa.

Kutambua tatizo

Kabla ya kwenda gereji, dereva apime upepo wa matairi yote asubuhi yakiwa ya baridi, kwa kufuata kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko ambacho kwa kawaida kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tairi la mbele kushoto na la mbele kulia yawe na upepo sawa na saizi moja. Inashangaza ni malalamiko mangapi huishia hapa hapa.

Kisha gari lijaribiwe mahali palipo tambarare. Jambo hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Hapa kwetu tunaendesha kushoto, na barabara nyingi hujengwa zikiwa zimeinuka katikati ili maji ya mvua yateremke pembeni. Gari zima kabisa likiwa upande wake wa kushoto litavutwa kidogo kuelekea ukingoni, na dereva atashika usukani kulia kidogo bila kujua. Huo si ugonjwa. Uwanja mpana wa tambarare utatoa jibu la kweli kuliko barabara kuu.

Gari liende kwa mwendo wa kilomita 40 hivi kwa saa, dereva akishika usukani kwa wepesi. Kama linakwenda moja kwa moja bila kuvutwa popote, lakini usukani umeinama, basi fimbo za stelingi zimerekebishwa bila uwiano. Hii hutokea sana baada ya kubadilishwa tairodi endi, kwa sababu fundi ameifunga mpya bila kuhesabu ile ya zamani iliingia mizunguko mingapi kwenye hesi.

Kama gari linavutwa upande dereva akilegeza mkono, hilo ni jambo lingine. Huenda breki ya gurudumu moja inashika. Rimu ya upande huo itakuwa ya moto kuliko ya upande wa pili (sogeza kiganja karibu, usiiguse). Huenda pia ni tairi lenyewe. Kama matairi si ya aina yenye mshale wa kuonyesha upande wa kuzunguka, badilisha ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia liende kushoto. Gari likianza kuvuta upande wa pili, tatizo ni tairi, na hakuna alaimenti itakayoliponya.

Kama usukani ulikuwa sawa asubuhi na ukainama baada ya gari kugonga shimo au jiwe, kuna kitu kimepinda au kimehama. Na kama leo umeinamia kushoto, kesho umekaa sawa, keshokutwa uko kulia, kuna kitu kimelegea. Katika hali hizi mbili gari lisibebe watu mpaka likaguliwe. Madereva wetu ni wavumilivu, na neno lao la kawaida ni "nimeshaizoea." Kamati isilikubali neno hilo.

Chini ya gari

Magari yetu ni ya namna mbili. Land Cruiser za "hardtop" na za pikapu, zinazotumika sana kwenye kazi za vijijini, zina ekseli nzima mbele. Boksi la stelingi husukuma fimbo moja iitwayo draglinki, ambayo hupeleka mwendo kwenye magurudumu. Fimbo nyingine, tairodi, huunganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Draglinki ndiyo inayoamua usukani ukae wapi. Tairodi ndiyo inayoamua magurudumu mawili yatazamane vipi. Kila moja ina kazi yake, na fundi anayezichanganya ataharibu kimoja akitengeneza kingine.

Magari madogo, na Hilux za miaka ya karibuni, hayana boksi bali yana reki ya stelingi, na kutoka kila upande wa reki inatoka tairodi moja fupi. Hapa tairodi hizo mbili hufanya kazi zote mbili kwa pamoja.

Kabla ya kurekebisha chochote, viungo vikaguliwe. Gari liwe chini juu ya magurudumu yake, hendibreki imevutwa, mawe yamewekwa, injini imezimwa, stelingi haijafungwa na ufunguo. Mtu mmoja atikise usukani kidogo kushoto na kulia. Mwingine aweke vidole juu ya kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Kiungo kizima husogea pamoja na fimbo yake. Kilichokwisha hucheza, fimbo inaanza kusogea kabla ya kile inachokivuta, na vidole huhisi mgongano mdogo. Kiungo cha namna hiyo kibadilishwe kwanza. Kufanya alaimenti juu ya viungo vilivyolegea ni kupima kitu kisichotulia, na vipimo vya leo havitakuwa vile vile baada ya kilomita 50 za barabara ya vumbi.

Tazameni na nyuma

Tulikuwa na gari moja la huduma ya afya ambalo lilifanyiwa alaimenti mara mbili, na kila mara usukani ukarudi kulala upande baada ya wiki chache. Mara ya tatu lilipelekwa kwa fundi mzee ambaye hakugusa mbele kabisa. Alichukua futi, akapima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi katikati ya gurudumu la mbele, upande wa kushoto na upande wa kulia, magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooshwa. Pande mbili hazikulingana.

Sababu ilikuwa senta bolti. Springi za nyuma za magari ya mizigo ni vipande vya chuma vilivyopangwa na kushikwa pamoja na bolti moja katikati. Kichwa cha bolti hiyo huingia kwenye tundu la ekseli na kuishikilia mahali pake. Yubolti hubana yote kwa pamoja. Gari likibeba mzigo mzito kwenye makorongo huku yubolti zimelegea, nguvu yote huiangukia senta bolti, nayo hukatika. Hapo ekseli ya nyuma huteleza kidogo juu ya springi. Ikirudi nyuma upande wa kushoto, magurudumu ya nyuma hulenga kushoto, na ili gari liende mbele dereva hulazimika kuinamisha usukani kushoto muda wote. Ukilifuata kwa nyuma utaona linatembea kama kaa, kimshazari.

Usukani wa gari la namna hii unaweza kunyooshwa kwa kurekebisha mbele, na watu wakaridhika. Lakini ekseli bado inaelea. Tiba yake ni senta bolti mpya, yubolti kukazwa kwa kipimo, na kukazwa tena baada ya gari kutembea kidogo na mzigo.

Namna ya kurekebisha

Viungo vikiwa vizima na ekseli ikiwa mahali pake, kazi iliyobaki si kubwa. Kwenye gari la ekseli nzima, usukani huletwa katikati kwa kurefusha au kufupisha draglinki peke yake. Mwelekeo wa magurudumu kati yao haubadiliki.

Kwenye gari la reki, tairodi mbili hurekebishwa kwa kiasi kile kile, moja ikirefushwa na nyingine ikifupishwa. Tuchukue mfano. Gari linakwenda moja kwa moja huku usukani umeinamia kushoto. Ukiunyoosha usukani na kuufunga kwa kamba usisogee, magurudumu yatatazama kulia. Inabidi yaletwe kushoto. Kama tairodi ziko nyuma ya mstari wa katikati ya magurudumu, ya kulia inarefushwa na ya kushoto inafupishwa. Kama ziko mbele ya mstari huo, ni kinyume chake. Fundi achore alama ya chaki kwenye kila fimbo, azungushe robo mzunguko kila upande, kisha gari lijaribiwe. Akizungusha upande mmoja tu kwa sababu nati ya upande wa pili imeshika kutu, usukani utanyooka lakini magurudumu hayatatazamana sawa, na hapo ndipo matairi huanza kuliwa.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme tairi lina kipenyo cha milimita 700, na umbali kati ya matairi mawili ya mbele, ukipimwa kwa mbele na kwa nyuma, umepotoka milimita 3 kutoka kiwango cha kiwanda. Milimita 3 kwa kila 700 maana yake ni kwamba katika kilomita moja matairi hayo mawili kwa pamoja yanaburuzwa upande zaidi ya mita 4. Safari ya kilomita 100 ni zaidi ya mita 400 za kuburuzwa. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje: likiwa laini upande mmoja wa kupitisha na lenye makali kama msumeno upande mwingine, jibu mnalo. Kununua matairi mapya kabla ya kurekebisha jambo hili ni kuyapeleka kwenye kinu kile kile.

Kuhusu kuchomoa usukani

Njia hii ya mkato ina ubaya wa aina tatu. Usukani hukaa juu ya shafti yenye meno. Kama meno ni 36, jino moja ni digrii 10, kwa hiyo usukani ulioinama digrii 4 hauwezi kunyooshwa kwa njia hii hata fundi akitaka. Pili, boksi la stelingi limetengenezwa libane vizuri zaidi likiwa katikati. Likiendeshwa nje ya katikati gari huwa na mchezo kwenye usukani, na upande mmoja hukata kona pungufu ya upande wa pili. Tatu, magari mengi ya sasa yana eabegi ndani ya usukani, na waya wake umezungushwa kwa hesabu. Asiyejua anaweza kuukata, au akajilipua mwenyewe.

Usukani huchomolewa pale tu inapothibitika kwamba boksi au reki iko katikati kabisa, magurudumu yamenyooka, na ni usukani peke yake uliofungwa vibaya na mtu aliyetangulia. Aidha, magari yenye mfumo wa kuzuia kuteleza yana kifaa kinachosoma pembe ya usukani, ambacho baada ya matengenezo kinaweza kuhitaji kuwekwa upya kwenye sifuri. Taa ya onyo ikibaki inawaka, kazi haijaisha.

Karatasi za kudai

Kamati ikiletewa ombi, iulize dereva: usukani ulianza lini kuinama, na kabla yake kulifanyika nini kwenye gari? Iulize gereji: viungo vilikaguliwa, na kipi kilikutwa kinacheza? Ekseli ya nyuma ilipimwa pande zote mbili? Mashine za alaimenti za kisasa hutoa karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada. Iambatanishwe na risiti. Mahali pasipo na mashine, fundi aandike kwa mkono umbali wa matairi kwa mbele na kwa nyuma, kabla na baada. Vipuri vilivyotolewa virudishwe pamoja na gari, vikae stoo hadi kikao kinachofuata. Kwenye daftari la gari ziandikwe tarehe, kilomita zilizosomwa, na kazi iliyofanyika, ili ombi la matairi likija mjumbe aweze kufungua ukurasa na kuona kilichotangulia.