Kahawa na Tumbo: Namna ya Kuchagua Kahawa Isiyo Kali

Mkulima wa Masasi au Newala haoni taabu kuitenga korosho yenye ukungu, maana anajua itamharibia daraja ghalani. Kahawa inastahili jicho lilelile, lakini kwa kuwa hailimwi huku kwetu, kaya nyingi za hapa Chidya, Masasi, huinunua kama zinavyoikuta dukani. Matokeo yake, mtu akipata kiungulia hulaumu kahawa yote badala ya kuangalia ameinunua ya namna gani, imekaa muda gani na ameinywa lini.

Kahawa isiyo na asidi kabisa haipo. Hata hivyo, kwa kipimo cha pH, ambacho namba ikishuka ukali wa asidi hupanda, kahawa iliyopikwa huwa karibu 5, wakati maji ya limau huwa kati ya 2 na 3. Kwa hiyo asidi iliyomo kikombeni si kubwa. Kinachosumbua zaidi ni kwamba kahawa huliamsha tumbo litoe asidi yake lenyewe, na kafeini huchangia. Kahawa aina ya robusta, inayolimwa zaidi Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Mbinga au Kilimanjaro. Kukaanga nako kuna kazi yake: buni iliyokaangwa hadi kukolea, bila kuungua, hupoteza sehemu kubwa ya asidi zake za asili. Mwenye tumbo jepesi basi aanze na arabika iliyokaangwa ikakolea.

Upya ni jambo la pili. Mafuta ya kahawa iliyokaangwa huchacha yakipata hewa, joto na unyevu, na kahawa ya unga huharibika upesi kuliko ya punje. Soma tarehe kwenye pakiti, hakikisha imefungwa vizuri, nunua punje kidogo kidogo, utwange nyumbani na kuhifadhi kwenye kopo lenye mfuniko. Atakayesema punje ni ghali akumbuke kwamba kununua ya wiki moja au mbili hakumwagi fedha, ila kopo kubwa linalochacha kabatini humwaga. Tena, kahawa iliyokaa saa nyingi birikani juu ya makaa huzidi uchachu. Inywe ikiwa imepikwa karibuni, baada ya kula kitu.

Wapo wanaosema kuongeza maziwa kunatibu vidonda vya tumbo. Maziwa hutuliza kwa muda tu. Vidonda vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, na havitibiwi kwa kubadili pakiti. Maumivu yakiendelea, ukitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, wahi kituo cha afya au Hospitali ya Ndanda. Mjamzito apunguze kahawa, na yeye asiinywe pamoja na chakula wala mara tu baada ya kula, kwani hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma. Kahawa nzuri huchaguliwa kwa makini, na ugonjwa hupimwa hospitalini. Tusiache kimoja kikachukua nafasi ya kingine.