Simu ya 1195: Somo la Siku za Kafyu

Kafyu ya Korona ilianza Machi 27, 2020, wiki mbili baada ya kisa cha kwanza kuthibitishwa nchini. Kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri hakuna aliyeruhusiwa kutoka. Katika ploti za Kayole, Dandora na Umoja, ambako familia nyingi huishi chumba kimoja, kibarua kilikuwa kimeisha, watoto hawaendi shule, na mlango ukifungwa anayepigwa alibaki ndani na anayempiga.

Nambari 1195, inayoendeshwa na shirika la Healthcare Assistance Kenya, hupokea ripoti za dhuluma za kijinsia bila malipo, usiku na mchana. Februari mwaka huo simu hazikufika 100. Juni zilipita 1,000.

Hata hivyo, idadi hiyo isomwe kwa makini. Simu hupigwa na mtu aliyepata mahali pa kuzungumza. Mke wa chumba kimoja atamnong'oneza nani, mume akiwa kitandani hatua mbili kutoka hapo? Wengi walisubiri foleni ya maji au kwenda kuanika nguo juu ya nyumba. Wengine hawakupata nafasi hiyo kabisa, na kutoka usiku kwenda kituo cha polisi kulikuwa na hofu yake. Ploti iliyonyamaza haikuwa lazima iwe salama.

Ndiyo maana jirani ana kazi hapa. Tumezoea kusema "hayo ni mambo ya watu na nyumba yao", lakini ukuta wa ploti hauzuii sauti, na 1195 inaweza kupigiwa na yeyote aliyesikia. Anayepiga akiwa nyumbani afute nambari hiyo kwenye simu baadaye.

Aliyebakwa asioge wala kufua nguo. Nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, na afike hospitali, kwa mfano Mama Lucy Kibaki, kabla ya saa 72 kuisha. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hazitolewi baada ya muda huo.

Kwa mtoto anayeteswa, piga 116. Aliyelemewa na mawazo, hofu au kukosa usingizi anaweza kuzungumza na Msalaba Mwekundu kupitia 1199. Si lazima uwe umepigwa ndipo upige simu.