Mchora Picha Aliyerudisha Majina

Kusini ya Pemba kuna kisiwa kidogo kiitwacho Kisiwa Panza. Watu wake ni wavuvi na wakulima, na kila atakaye kwenda Pemba hana budi kupanda chombo na kuvuka maji mpaka Chokocho. Asubuhi, chombo kinapojaa abiria, mtoto akiwatazama wanawake walioketi ndani yake ataona rangi za kila namna: nyekundu, manjano, nyeusi, buluu na nyeupe. Hizo ni kanga zao. Kila kanga ina sehemu tatu, nazo ni pindo lizungukalo pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno machache yaliyopigwa chapa chini ya mji. Mnunuzi huweza kuipenda kanga kwa rangi yake, lakini mara nyingi hatoi fedha mpaka amelisoma jina kwanza. Kwa kanga mtu huweza kumpa jirani shukrani, au kumpa mgomvi wake jibu ambalo mdomo unaona haya kulitamka.

Habari ya somo hili ni ya mwanamke aliyezaliwa katika visiwa hivi, akalelewa mbali navyo, na ambaye aliifanya kazi yake yote kwa rangi, kwa kitambaa, na kwa majina.

Lubaina Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954. Babaye alikuwa mtu mwenye asili ya Visiwa vya Ngazija, na mamaye alikuwa Mwingereza. Mtoto alipokuwa na umri wa miezi minne, babaye alishikwa na homa ya malaria akafa. Mamaye, amekwisha kuwa mjane katika nchi ya ugeni, akamchukua mwanawe akarudi kwao Uingereza. Basi Lubaina hakumjua babaye, wala hakuwa na kumbukumbu yo yote ya nchi aliyozaliwa. Hakukumbuka harufu ya karafuu zilizoanikwa, wala sauti ya maji yanapojaa usiku. Kitu alichobaki nacho cha upande wa babaye ni jina lake.

Mamaye alikuwa na kazi ya kubuni nakshi za vitambaa. Kwa hiyo mtoto alikua katika nyumba ambayo ndani yake kitambaa hakikuwa kitu cha kuvaa tu, bali kilikuwa kazi ya mikono na akili. Alipokuwa mkubwa aliingia chuo cha Wimbledon, katika mji wa London, akajifunza kutengeneza mandhari za michezo ya kuigiza, akamaliza mwaka 1976. Kazi hiyo ni ya kuchora nyumba, miti na watu juu ya mbao na vitambaa, ili watazamaji wauone mji mzima mahali palipo na ukuta mtupu. Baadaye alisoma historia ya utamaduni katika chuo kikubwa cha sanaa cha London, akapata shahada yake mwaka 1984.

Siku zile haikuwa rahisi kwa mchora picha mweusi kupokewa katika nyumba kubwa za maonyesho za Uingereza, na kwa mwanamke mweusi ilikuwa vigumu zaidi. Wako waliokata tamaa. Wako waliongoja waitwe, na miaka ikapita wasiitwe. Lubaina Himid hakungoja. Mwaka 1983 aliwakusanya wenzake akaonyesha kazi zao pamoja na zake. Mwaka 1985 akafanya maonyesho mengine makubwa zaidi, akayaita kwa Kiingereza The Thin Black Line, maana yake Mstari Mwembamba Mweusi. Walikuwa wanawake kumi na mmoja, wenye asili ya Afrika, Karibi na Asia. Nyumba iliyowapokea ilikuwa maarufu sana, lakini hawakupewa vyumba vyake vikubwa. Walipewa ujia tu, mahali watu wapitapo waendapo penginepo. Walikuwa kama wageni walioalikwa karamuni, wakaandaliwa chakula chao barazani.

Hawakuususa ujia ule. Walizitundika picha zao, na watu wakapita wakazitazama. Mwaka 2022 mmoja wa wanawake wale, Veronica Ryan, alipewa zawadi iitwayo Turner, ambayo ni heshima kubwa kwa mafundi wa sanaa Uingereza. Mwaka ule ule mwingine wao, Sonia Boyce, alipata Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya Venezia, Italia. Tangu ujia ule mpaka heshima hizo ilikuwa miaka thelathini na saba.

Sasa yafaa kueleza ni mambo gani yaliyomtia Lubaina Himid hamu ya kuchora. Jambo la kwanza ni picha za zamani. Katika nyumba za picha za Ulaya ziko picha nyingi za mabwana na mabibi wa kale, wamevaa hariri na vito. Mtazamaji akiangalia vizuri, mara kwa mara ataona pembeni mtu mweusi, pengine mtoto, ameshika sinia la matunda au anaangalia mbwa wa bwana wake. Jina la bwana limeandikwa. Jina la mtumishi halikuandikwa. Watu waliipita picha ya namna hiyo kwa miaka mia mbili wasiulize neno. Lubaina Himid aliuliza: Mtu huyu alikuwa nani? Kwao walimwitaje?

Jibu lake lilikuwa kazi aliyoimaliza mwaka 2004, iitwayo Naming the Money, yaani Kuitaja Fedha kwa Jina. Alikata mbao kwa maumbo ya watu, kila umbo kimo cha mtu mzima, kama alivyojifunza zamani katika kazi ya michezo ya kuigiza. Akazipaka rangi za kung'aa, akazisimamisha chini, zikawa watu mia moja. Wako wapiga ngoma, waganga wa mitishamba, wafinyanzi, wachora ramani, washona viatu na wafuga mbwa. Wote ni mfano wa Waafrika waliochukuliwa utumwani wakatumikishwa katika nyumba za wakuu wa Ulaya. Hawakutundikwa ukutani. Mtazamaji hana budi kupita katikati yao, bega kwa bega, kama apitavyo katikati ya watu sokoni.

Tena nyuma ya kila mmoja imebandikwa karatasi mfano wa hati ya hesabu, na juu yake yameandikwa maneno machache. Kila mmoja anataja jina lake la kweli, na jina alilopewa na waliomnunua. Anasema alifanya kazi gani kwao, na sasa afanya kazi gani. Mwisho anataja kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Kwa muda mrefu watu kama hao walihesabiwa kama fedha, na fedha haina jina. Mchora picha huyu aliwapa majina. Baadaye kazi hii aliitoa iwekwe Liverpool, mji ambao meli zake zilichukua Waafrika wengi sana utumwani.

Mtoto wa Pemba hana haja ya kwenda Ulaya ili aielewe habari hiyo. Katika karne ya kumi na tisa mashamba mengi ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yalipandwa na kupaliliwa kwa mikono ya watumwa walioletwa kutoka bara, mpaka utumwa ulipoondolewa katika sheria mwaka 1897. Wengi wao walipewa majina mapya na mabwana zao. Mikarafuu mtu aweza kuihesabu. Lakini majina ya kwanza ya waliochimba mashimo yake, mengi yamepotea.

Mwaka 2007 ilitimia miaka mia mbili tangu Waingereza walipopiga marufuku biashara ya watumwa katika meli zao. Mwaka huo Lubaina Himid alikwenda Lancaster, mji mdogo uliotajirika zamani kwa biashara hiyo. Alitafuta vyombo vya kulia vya zamani, kama sahani, mabakuli na madumu, vipande mia moja. Juu ya maua na nakshi za vyombo hivyo alichora nyuso za Waafrika, pamoja na matajiri wa mji wenye nyuso za kuchukiza. Vyombo vikaandaliwa kama kwa karamu. Aliyekuja kutazama alikumbushwa kwamba chakula cha wakubwa wale kililipiwa na nani.

Jambo la pili limtialo hamu ni bahari. Mwaka 1991 alichora wanawake wawili weusi ndani ya mashua ndogo, na katikati yao rundo la vipande vya rangi nyingi. Aliichora kwa kuijibu picha ya zamani ya mchoraji Mfaransa, James Tissot, ambayo ndani yake askari ameketi mashuani katikati ya wanawake wawili. Katika picha ya Lubaina Himid askari hayumo. Lile rundo ni ramani za baharini, na wanawake wanazirarua na kuzitupa majini. Mtu wa Kisiwa Panza aweza kushangaa, maana nahodha atupaye ramani yake anajitafutia kupotea. Lakini ramani zile ndizo zilizowaongoza wenye meli za watumwa, na wanawake wale hawataki tena kusafiri kwa njia waliyochorewa na wengine.

Jambo la tatu ni nchi aliyozaliwa. Alikuwa amepita umri wa miaka arobaini ndipo aliporudi kuiona Unguja. Baada ya safari hiyo, mwaka 1999, alichora picha ambazo zimekaa mbili mbili, kama doti la kanga. Ndani yake rangi na nakshi ndizo zisemazo kuliko sura za watu. Jina la mojawapo lina maana ya kwamba machozi ya wanawake yaijaza bahari. Asomaye jina hilo humkumbuka yule mjane aliyeondoka Unguja na mtoto wake wa miezi minne.

Na kanga zenyewe aliziingiza katika kazi yake. Alichora picha nyingi kwa mfano wa kanga, zenye pindo, mji na jina. Yeye aliona jambo ambalo mara nyingi aliyezaliwa kati ya kanga halioni, kwa kuwa amelizoea: ya kwamba kanga ni picha inayosema, na ya kwamba mwanamke aliyejifunga kanga huichukua picha hiyo barabarani, kisimani na arusini, bila kuhitaji nyumba ya maonyesho.

Kwa miaka mingi Lubaina Himid alikaa Preston, mji wa kaskazini ya Uingereza, akifundisha katika chuo kikuu cha huko na kuchora. Magazeti hayakumtaja mara nyingi. Sheria ya zawadi ya Turner wakati ule ilisema kwamba mtu aliyetimiza miaka hamsini hawezi kuipata, naye alikwisha kuvuka umri huo. Kisha mwaka 2017 sheria ile ikaondolewa, na mwaka ule ule zawadi akapewa yeye, katika mji wa Hull, pamoja na pauni 25,000. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Hapakuwa na mwanamke mweusi aliyewahi kuipata kabla yake, wala mtu mwenye umri mkubwa kama wake. Mwaka 2021 kazi zake zilionyeshwa katika Tate Modern, nyumba kubwa ya picha ya London, na baadaye akachaguliwa kuiwakilisha Uingereza katika maonyesho ya Venezia ya mwaka 2026.

Mtu aweza kusema kwamba heshima ilichelewa, naye atakuwa amesema kweli. Lakini yafaa kuangalia kwamba kazi haikuchelewa. Wale watu mia moja walikatwa na kupakwa rangi miaka kumi na mitatu kabla ya zawadi, na mashua ya wanawake wawili ilichorwa miaka ishirini na sita kabla yake. Kama angalingoja kusifiwa ndipo achore, pasingalikuwa na kitu cha kusifiwa.

Jioni chombo hurudi kutoka Chokocho, na wanawake hushuka na mizigo yao na kanga zao. Mtoto aliyekwisha kusoma somo hili na aende akamwulize bibi yake jina la mama wa bibi yake, na la mama wa huyo pia. Akiambiwa, na ayaandike katika daftari lake kwa wino. Akifika mahali ambapo bibi anasema, "Hapo sijui," na aache nafasi tupu, aandike jina la mahali alikotoka mtu yule, au kazi aliyoifanya, kama yajulikana. Tena na amwulize bibi huyo kanga aipendayo kuliko zote ina jina gani, na kwa nini aliinunua.

Maswali

1. Kanga ina sehemu gani tatu? Eleza kazi ya kila moja.
2. Kwa nini mama wa Lubaina Himid alirudi Uingereza?
3. Wanawake kumi na mmoja walipewa mahali gani pa kuonyesha picha zao mwaka 1985? Wewe ungalikubali au ungalikataa? Toa sababu.
4. Kila mmoja wa wale watu mia moja wa mbao anataja mambo gani?
5. Wanawake wawili katika mashua wanatupa nini majini, na kwa sababu gani?
6. Tafuta kanga tatu nyumbani kwenu. Yaandike majina yake, kisha eleza kila jina laweza kusemwa na nani kwa nani.