Kuachia Mwingine Imbwa Yako: Somo juu ya Kitu cha Kuachiwa



Somo letu la leo linatoka katika Kutoka 22:10-13 na Luka 16:10-12. Musome kwanza mistari hiyo mu Biblia zenu, kisha murudie hapa. Nitaanza na mambo yaliyonipata mimi mwenyewe, sababu yale njo yalinifundisha.

Wakati wa vakansi kubwa, nkambo yetu alikufa ku Likasi. Tulienda wote mu kilio, tukakaa kule wiki mbili. Mimi niko na imbwa, jina lake Tigre. Kumupakia mu basi mpaka Likasi, kilometre 120 hivi, haikuwezekana. Njo maana nilimupeleka kwa mama mudogo yangu, parsele yake iko hapa hapa mu Komini ya Kenya. Nilimwachia maneno matatu:

1. Tigre asipewe mifupa ya kuku iliyopikwa.
2. Usiku asiachiliwe kutoka inje ya parsele.
3. Watoto wasimukaribie wakati anakula.

Mama mudogo alicheka. Akasema: «Imbwa ni imbwa. Sasa utanifundisha mie kulisha imbwa?» Nilinyamaza, tukaenda safari.

Tuliporudi, siku ya posho, nilikuta Tigre amefungwa na kamba fupi, sikio moja limepasuka. Niliuliza, wakasema: «Alipigana na imbwa za barabarani.» Basi usiku walikuwa wanamufungulia. Nilikasirika, lakini nilifikiri mambo yameishia pale. Kisha mutoto wa mama mudogo, wa miaka sita, akanivuta nyuma ya nyumba, akanionyesha mukono wake. Kulikuwa alama za meno. Akasema pole pole: «Tigre aliniluma. Nilitaka kumunyanganya mufupa. Mama alisema nisikuambie.»

Ilikuwa imepita siku ine. Walimupakaa mafuta, basi.

Nilikimbia kuita baba. Baba hakugombana na mutu. Alibeba mutoto, tukaenda ku dispansere usiku ule ule. Infirmye aliosha kidonda na maji na sabuni dakika 15 nzima, hata kama siku zilikuwa zimepita. Akauliza: «Imbwa huyu alipigwa shindano?» Nilikuwa na karte yake mu nyumba, nikaileta. Lakini alisema mutoto aanze mashindano vilevile, sababu imbwa alikuwa amepigana na imbwa wasiojulikana, na ugonjwa huu hauna muchezo. Baba alilipa na feza alizoweka kwa minervali yangu ya mwaka huu.

Walituagiza kufunga Tigre na kumwangalia mpaka siku 10 zitimie tangu siku aliyoluma mutoto. Zile siku sita zilizobaki, mama mudogo alikuwa anakuja kila asubui kuangalia kama Tigre anakula bukari yake. Hakusema kitu. Alisimama paka pale ku mulango. Siku ya kumi Tigre alikula, akabweka sawa kawaida yake. Mutoto alikuwa amepata mashindano mawili, na munganga akasema inatosha. Mama mudogo alilia, na mie nililia.

SEHEMU YA KWANZA: YALE MANENO MATATU YALIKUWA NA SABABU

Mifupa ya kuku ikipikwa inakauka. Imbwa akiivunja inakuwa vipande vikali sawa shindano, vinaweza kutoboa koo ao matumbo. Vilevile imbwa asipewe matungulu, yanaharibu damu yake, wala shokola, ni sumu kwake.

Imbwa anayetembea usiku anakutana na imbwa wengine, na pale njo wazimu wa imbwa unapita, ugonjwa ule mu Kifransa wanaita «raje». Unakaa mu mate. Unaingia kwa kuluma, ao mate yakigusa kidonda. Alama za ugonjwa zikianza kuonekana kwa mutu, karibu kila mara mutu huyo anakufa. Lakini mbele ya alama kuonekana, shindano linaweza kumuokoa. Louis Pasteur alionyesha hivyo ku Paris tarehe 6 mwezi wa saba 1885, alipoanza kutunza Joseph Meister, mutoto wa miaka 9 aliyelumwa na imbwa. Mutoto yule alipona.

Shirika la Afya la Dunia linakadiri kwamba ugonjwa huu unaua watu 59.000 hivi kila mwaka, zaidi mu Azia na Afrika. Kati ya watu 100 wanaoupata, 99 wanaupata kwa imbwa. Na karibu watu ine kati ya kumi wanaokufa ni watoto chini ya miaka 15. Watoto njo wanacheza na imbwa, na watoto njo wanaficha wakilumwa, sababu wanaogopa kupigwa.

Kwa hiyo mukumbuke: ukilumwa, osha mara moja na maji mengi na sabuni dakika 15, kisha enda ku dispansere siku ile ile. Mafuta hayatoshi, wala majani. Na imbwa apigwe shindano akiwa na miezi mitatu, kisha arudiliwe vile munganga wa nyama anaagiza.

SEHEMU YA PILI: MUNGU ANASEMA NINI JUU YA KITU CHA KUACHIWA

Wengine watasema Biblia haina kazi na mambo ya imbwa. Musome tena Kutoka 22. Musa anaeleza habari ya mutu anayeachia jirani yake punda, ao ngombe, ao kondoo, ao nyama yoyote ili amuchungie. Akiibiwa mikononi mwa jirani, jirani analipa. Akiraruliwa na nyama wa pori, jirani halipi, lakini analeta kile kilichobaki kiwe ushuhuda. Muangalie vizuri: sheria haitaki muchungaji awe mutu asiyepatwa na ajali. Inataka asifiche. Kosa kubwa mu nyumba ya mama mudogo haikuwa mufupa, wala kamba. Ilikuwa neno lile: «Usimwambie.» Siku ine za kunyamaza zingeweza kuwa kaburi la mutoto.

Luka 16 inaongeza: mutu asiyekuwa mwaminifu kwa kitu cha mwingine, nani atamupa kilicho chake? Na Mezali 12:10 inaonyesha kwamba mutu wa haki anajua maisha ya nyama wake. Tena Natani alimufundisha Daudi habari ya masikini na kondoo wake mumoja, aliyekula chakula chake na kunywa mu kikombe chake (2 Samweli 12). Tajiri alimuona ni kondoo tu. Masikini alimuona sawa binti yake. Basi ukiachiwa nyama ya mwenzako, usipime na macho yako. Pima na macho ya mwenyewe.

Hata sheria ya inchi yetu inajua jambo hili. Amri ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888 juu ya mapatano inasema kwamba mwenye nyama, ao yule anayemutumia wakati yuko kwake, njo anajibu kwa hasara nyama huyo analeta. Mu jamaa yetu walibishana sana: nani alipe? Mwisho baba alilipa mashindano, mama mudogo alilipa feza za taksi. Hakuna aliyeenda ku tribinali, Mungu asifiwe.

SEHEMU YA TATU: KOSA LANGU MIMI

Sasa nisihukumu mama mudogo peke yake. Nilijiuliza sana, nikaona makosa yangu matatu.

Kwanza, nilitoa amri bila sababu. Hapa ku masomo nimezoea kusema «Muingie mu mustari!» na wadogo wanaingia. Nilisema na mama mudogo vile vile, sawa yeye ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kama ningemwambia, «Mama, naogopa watoto watalumwa,» angesikia, sababu anapenda watoto wake kuliko mie napenda imbwa.

Pili, sikuacha chakula. Nilikataza mifupa, lakini sikuleta hata kilo moja ya bunga. Nyumba yake iko na watu wanane. Angemulisha nini?

Tatu, siku alipocheka nilijua hakubali, lakini nilikuwa na haraka ya basi. Nilinyamaza, nikaita kunyamaza kule heshima. Haikuwa heshima. Kama nilijua hakubali, ilinipasa kutafuta mwingine wa kumuchunga.

SEHEMU YA INE: TUFANYE NAMNA GANI?

Ukiachia mutu nyama yako: leta chakula cha siku zote, eleza sababu ya kila neno, acha karte ya shindano pamoja naye, na umwambie wazi, «Kitu kikitokea, nijulishe, sitakasirika.» Kisha kweli usikasirike.

Ukiachiwa: kama huwezi kutimiza, sema «siwezi» mbele ya kupokea. Hiyo si haya.

Na kama mukubwa amevunja neno lako, usimutukane. Pitia kwa baba ao kwa mama, sawa desturi yetu. Mimi nilienda na mama kwa mama mudogo, nikaomba musamaha kwanza mimi, kwa ile bunga. Akajibu: «Mie pia, mutoto wangu. Niliogopa baba yako.» Sasa Tigre anabweka akimuona, lakini ni kubweka kwa furaha.

MAULIZO YA KUJIBU MU KALASI

1. Mu Kutoka 22:13, sababu gani muchungaji analeta kilichobaki?
2. Umeachiwa kitu gani mwaka huu, na mwenyewe alisema nini?
3. Mutoto akilumwa na imbwa leo mu parsele yenu, mutafanya nini mu dakika 15 za kwanza?

Bwana atusaidie tuwe waaminifu kwa vidogo.

Mukubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita