Kuharakisha na Kurahisisha Usakinishaji wa Mfumo Endeshi

Ukiulizwa kwa nini kusakinisha mfumo endeshi huchukua muda mrefu, usikimbilie kuandika "kompyuta ni ya zamani" ukaishia hapo. Muda huo una sehemu mbili: muda ambao mashine inafanya kazi, na muda ambao mashine imekaa tu ikimsubiri mtu ajibu. Zitenganishe kwanza, ndipo ujibu.

Watahiniwa wengi huisahau sehemu ya pili. Kisakinishi cha Windows XP (2001) kilinakili faili, kikaiwasha upya kompyuta, kisha katikati ya kazi kikaanza kuuliza: lugha na eneo, jina, ufunguo wa bidhaa, tarehe na saa, mtandao. Chukua mfano wa fundi aliyeona faili zinanakiliwa akaenda kula. Swali limetokea dakika ya 15, yeye amerudi dakika ya 50. Dakika 35 zimepotea, na hata angekuwa na prosesa ya kasi kiasi gani asingeziokoa.

Dawa ya kwanza ni kupanga upya maswali. Katika Ubuntu 10.10, iliyotolewa Oktoba 2010, mtumiaji akishaamua mfumo ukae wapi kwenye diski, kunakili huanza papo hapo, naye huendelea kujibu maswali ya saa za eneo, kibodi, jina na neno la siri huku kazi ikienda. Tukokotoe. Swali la diski lichukue dakika 2, maswali mengine dakika 5, kunakili dakika 18. Vikifuatana, jumla ni dakika 25. Vikienda sambamba, jumla ni 20. Aliyeandika 18 amekosea: swali la diski haliwezi kwenda sambamba na kunakili, kwa sababu mashine haijui pa kunakilia mpaka ijibiwe. Kanuni ni 2 jumlisha ule mrefu zaidi kati ya 5 na 18.

Dawa ya pili hugusa kazi ya mashine yenyewe. Kufungua vifurushi kimoja kimoja, kukiandika na kukisanidi kila kimoja, ni kazi ndefu, hasa kwenye diski ya sumaku ambayo kichwa chake huhangaika huku na huku kutafuta nafasi za faili ndogondogo. Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma Januari 2007, ilikuja na mfumo uliokwisha kusakinishwa, ukabanwa ndani ya faili moja kubwa. Kisakinishi hufungua faili hilo na kulimwaga kwenye diski. Ubuntu 6.06 (2006) ilikuwezesha kuujaribu mfumo kutoka kwenye CD kabla ya kusakinisha, kisha ilinakili mfumo huohuo. Data iliyobanwa pia ni kidogo kusoma, na kisomaji cha CD ni cha polepole. Kasoro yake: nakala hiyo ni ya siku ilipotengenezwa, kwa hiyo masasisho bado yatapakuliwa. Mwenye intaneti dhaifu akichagua kuyapakua wakati wa kusakinisha, faida yote ya kasi huweza kumezwa hapo.

Sasa rudi kwenye hesabu yetu. Nakala iliyo tayari ikishusha kunakili hadi dakika 4, jumla ni 2 + 5, yaani 7. Mashine imemaliza, inamngoja mtu! Kadiri kunakili kunavyokuwa kwa kasi, ndivyo maswali yanavyokuwa kikwazo. Ndiyo maana kisakinishi kizuri hukisia kinachokisika: kikiwa na intaneti, kinaweza kupendekeza saa za eneo, nawe unathibitisha tu. Neno la siri hakiwezi kulikisia.

Je, lipi lisipunguzwe hata kwa ajili ya kasi? Swali la diski. Kati ya "futa diski yote" na "sakinisha kando ya mfumo uliopo" kuna picha, kazi za darasa na hesabu za duka la mtu. Kurahisisha hapa si kuficha chaguo. Ni kulieleza kwa maneno ya kawaida, kuonyesha ni diski ipi na ina nini, na kuomba uthibitisho kabla ya kuandika chochote. Ukiandika tu kwamba "kisakinishi bora hakiulizi chochote", umekosa alama, na siku ukiwa fundi utakosa mteja.

Swali la kujipima (alama 6). Kisakinishi kina swali la diski dakika 3, maswali mengine dakika 6, kunakili dakika 10.
(a) Kokotoa muda wote kazi zikifuatana, kisha maswali mengine yakienda sambamba na kunakili.
(b) Mtengenezaji ana nafasi ya kufanya badiliko moja tu juu ya mpango huo wa sambamba: kupunguza kunakili hadi dakika 5, au kupunguza maswali mengine hadi dakika 2. Mshauri, ukionyesha hesabu.
(c) Eleza kwa nini swali la diski halikuwekwa kati ya machaguo ya (b).