Kamioneti inayokataa vitesi

Kamioneti ya misheni ilikuwa imepakia masanduku ya dawa. Saa 12 asubuhi ilipaswa kutoka Bukavu kwenda Uvira. Dereva aliwasha motere, akakanyaga pedali ya ambreyaji, akasukuma mkono wa vitesi. Mkono ukakataa. Akasukuma kwa nguvu zaidi; meno ya chuma yakalia: krrr!

Dereva akasema: «Sanduku la vitesi limevunjika. Lazima tulifungue.» Masera wa dispensari akahuzunika. Kazi hiyo ingechukua siku nzima au zaidi, na huko Uvira wagonjwa walikuwa wakingoja dawa.

Wakamwita mzee fundi. Alipofika hakushika hata ufunguo mmoja. Akasema: «Mganga mwema huuliza kwanza, kisha hutoa dawa. Na sisi tuulize gari.»

1. Kazi ya ambreyaji

Motere ikiwashwa, hata gari likiwa limesimama, huzunguka mara 700 au 800 hivi kwa dakika. Ndani ya sanduku la vitesi mna magurudumu yenye meno. Gurudumu linalosukumwa na motere haliwezi kushikana vema na lile lililosimama. Basi yafaa nguvu ya motere ikatwe kwanza.

Kazi hiyo ni ya ambreyaji. Ndani yake mna sahani iliyobanwa kati ya motere na sanduku la vitesi. Dereva akikanyaga pedali, sahani huachiliwa, na motere huzunguka peke yake. Akiondoa mguu, sahani hubanwa tena, na nguvu hupita mpaka kwenye magurudumu ya gari.

2. Fundi anauliza gari

Kwanza fundi aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Kisha akamwambia dereva: «Zima motere, mwanangu, ujaribu tena.» Dereva akajaribu. Vitesi zote zikaingia bila kelele, hata ile ya kurudi nyuma! Dereva akashangaa.

Fundi akasema: «Kama sanduku lingekuwa limevunjika, mara nyingi vitesi zingekataa hata motere ikiwa imezimwa. Lakini zinakataa tu wakati motere inapozunguka. Basi ambreyaji haiachilii. Tutafute sababu.»

Fundi akabonyeza pedali kwa mkono. Ikazama kwa ulaini, kama mguu katika matope. Akaibonyeza upesi mara nyingi. Ikawa ngumu kidogo. Akasema: «Humu mmeingia hewa.»

Katika kamioneti hiyo, pedali husukuma mafuta ya breki katika pampu ndogo ya juu. Mafuta hupita katika mrija mpaka pampu ya chini, nayo husukuma uma wa ambreyaji. Mafuta hayakubali kushindiliwa, kwa hiyo nguvu ya mguu hufika yote. Lakini hewa hushindilika. Hewa ikiingia, nguvu ya mguu hupotea njiani. Magari mengine hayana mafuta hayo, ila kamba ya chuma. Hayo huangaliwa kamba yake.

Kisha fundi akafungua kichupa cha mafuta. Kilikuwa karibu kitupu. Mafuta yamekwenda wapi? Akalala chini ya gari, akafuata mrija kwa kidole. Mrija ulikuwa mkavu, lakini pampu ya chini ilikuwa imelowa. Kikombe cha mpira kilichomo ndani yake kilikuwa kimelika.

3. Dawa ya kweli

Dereva alileta kopo la mafuta ya motere. Fundi akamzuia: «Hapana! Mafuta hayo huvimbisha mipira na kuiharibu. Humu huingia mafuta ya breki tu, yale yaliyoandikwa juu ya kifuniko cha kichupa.» Hapo kifuniko kilisema: DOT 3. Mafuta hayo ni sumu kwa mwenye kuyanywa, tena huharibu rangi ya gari.

Dereva akasema: «Baba, basi tujaze mafuta hayo, niende. Kikombe tutakibadili Uvira.»

Fundi akajibu: «Yatavuja tena njiani. Utakapofika kwenye mteremko wa Ngomo utaingizaje vitesi ndogo? Utashuka kwa breki tu. Breki zikipata moto sana, hazishiki tena.» Dereva akanyamaza.

Fundi akaweka kikombe kipya, akajaza mafuta. Kisha wakatoa hewa. Dereva alikanyaga pedali na kuishikilia. Fundi akalegeza skrubu ya pampu ya chini, mafuta yakatoka pamoja na mapovu. Fundi alikaza skrubu kwanza, ndipo dereva akaondoa mguu. Wakarudia hivyo mpaka mapovu yalipokwisha, wakiongeza mafuta ili kichupa kisikauke.

Saa 4 motere iliwashwa. Mkono ukaingia bila kelele, na dawa zikafika Uvira siku ile ile. Sanduku la vitesi halikufunguliwa.

Atumiaye nguvu kabla ya kujua sababu huongeza hasara.

Maneno
Kushindilia: kubana kitu mpaka kipungue.
Kulika: kuchakaa kidogo kidogo.
Mteremko: mahali njia inaposhuka.

Maswali
1. Dereva alidhani kitu gani kimevunjika?
2. Kwa nini fundi aliamuru motere izimwe?
3. Hewa hufanya nini ndani ya mrija?
4. Kwa nini fundi hakukubali dereva aende na kikombe kibovu?
5. Kwa nini skrubu hukazwa kabla ya kuondoa mguu kwenye pedali?
6. Fikiri: kamioneti nyingine inakataa vitesi hata motere ikizimwa. Fundi atatafuta ugonjwa wapi?